Darasa Lisilo na Kuta: Historia Fupi ya Mafundisho ya Mbali na Dunia za Kubuni, Kuanzia Kahawa

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kufuatilia historia ya jambo ambalo wengi hulidhania kuwa jipya kabisa, nalo ni kumfundisha mwanafunzi mahali ambapo mwili wake haupo. Siku hizi ziko dunia za kubuni ambazo mtu huziingia kwa njia ya tarakilishi akiwa ameketi chumbani mwake. Humo hupewa umbo la kumwakilisha, akatembea, akakutana na wenziwe walioketi katika vyumba vya mbali, akazungumza nao, akajenga nyumba, na akipenda akaingia darasani. Waalimu wa nchi kadhaa wamezitumia dunia hizo kufundishia historia, jiografia, sayansi na hasa lugha.

Mjadala juu ya dunia hizi mara nyingi huishia katika swali la vyombo: je, shule zina umeme, zina tarakilishi, zina mtandao? Hayo ni maswali ya haki, na tutayagusa. Lakini mtaalamu wa lugha ana swali lake jingine lililo la zamani kuliko mashine hizi. Mwanafunzi akishaingia katika mahali palipojengwa na mtu mwingine, anazungumza lugha gani humo? Na je, ana uwezo wa kujibu na kujenga, au kazi yake ni kutazama na kusikiliza tu? Tutajaribu kuonyesha kwamba katika kila hatua ya historia hii, mafanikio na kasoro za mafundisho ya mbali yalitegemea mambo hayo mawili zaidi ya yalivyotegemea chombo chenyewe.

Tumechagua kuanzia Kahawa, kandokando ya barabara ya kutoka Nairobi kwenda Thika, kwa sababu hatua kadhaa za historia hii zilipita hapo au karibu na hapo. Upande mmoja wa barabara kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta. Upande wa pili kuna Kahawa Wendani, mtaa ulio katika eneo la Ruiru, Kaunti ya Kiambu, ambamo wanafunzi wengi wa chuo hicho hupanga vyumba. Jina la mtaa huo lina maana pande zote mbili za lugha: katika Kikikuyu ni upendano, na katika Kiswahili wendani ni marafiki waandamanao. Tutaona kwamba uandamani huo ndio uliokosekana mara nyingi katika madarasa yasiyo na kuta.

2. Kahawa: Kambi Iliyogeuka Chuo

Jina la Kahawa linatokana na zao lililoitajirisha sehemu hiyo ya nchi katika zama za walowezi. Katika ardhi hiyo Waingereza walijenga kambi ya jeshi iliyoitwa Templer Barracks. Mwaka 1965, miaka miwili baada ya uhuru, kambi hiyo ilikabidhiwa Serikali ya Kenya, na majengo yake yakageuzwa kuwa Chuo cha Kenyatta. Mahali palipokuwa pa kufundishia askari pakawa pa kufundishia waalimu.

Kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1970, chuo hicho kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1972 kikapokea wanafunzi wake wa kwanza wa shahada ya ualimu, ambao walikuwa 200. Mwaka 1978 kitivo cha elimu cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilihamishiwa Kahawa. Hatimaye, mwaka 1985, Kenyatta kikawa chuo kikuu kamili chenye mamlaka yake.

Tunayakumbusha haya kwa sababu moja. Wenye kambi walipoondoka, kuta zilibaki. Wakenya waliweza kubadili matumizi yake, wakafuta jina la zamani na kuandika jipya, na wakaendelea kujenga juu ya misingi iliyokuwapo. Jengo la mawe lina sifa hiyo, kwamba humtumikia mwenyeji hata kama hakulijenga. Tutakapofika katika majengo yaliyomo ndani ya tarakilishi, itatupasa tuulize kama nayo yana sifa hiyo.

3. Darasa la Posta na la Redio

Wakati chuo cha Kahawa kinaanza, Kenya ilikuwa na upungufu mkubwa wa waalimu, na wengi wa waliokuwapo hawakuwa wamehitimu ipasavyo. Haikuwezekana kuwatoa wote katika shule zao na kuwarudisha vyuoni. Kwa hiyo mwaka 1967 kilianzishwa kitengo cha masomo kwa njia ya posta katika chuo cha elimu ya watu wazima kilichoko Kikuyu, chini ya Chuo Kikuu. Mwalimu aliyekuwa akifundisha kijijini alipokea vijitabu vya masomo, akajibu maswali, akayatuma kwa posta na kusubiri yasahihishwe. Redio ya taifa, ambayo wakati huo iliitwa Sauti ya Kenya, ilitangaza vipindi vya kusaidia masomo hayo, na mara kwa mara wanafunzi walikutanishwa na waalimu wao ana kwa ana.

Kwa mtazamo wetu, hili lilikuwa darasa lisilo na kuta kwa maana iliyo kamili. Mwanafunzi alimjenga mwalimu wake kutokana na mwandiko wa wino mwekundu ukingoni mwa karatasi. Alijenga chumba cha darasa kutokana na sauti ya redio. Palipokuwa na udhaifu ni katika kujibu: barua ilichukua siku nyingi, na redio haikuweza kuulizwa chochote.

Ng'ambo ya mpaka, nchini Tanzania, udhaifu huo ulitafutiwa dawa ya namna nyingine. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata nyingine iliyoitwa Chakula ni Uhai. Katika kampeni hizi mtu hakusikiliza redio peke yake. Watu walikusanyika katika vikundi chini ya kiongozi aliyefunzwa, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya kijijini pao. Kampeni ya Mtu ni Afya ilishirikisha watu wapatao milioni 2, na matokeo yake yalionekana kwa macho: vyoo vilichimbwa, maji yakachemshwa, mazalio ya mbu yakafukiwa.

Yafaa tujiulize siri yake ilikuwa nini, kwa maana redio ilikuwa ile ile. Siri ya kwanza ni kikundi: sauti iliyotoka mbali ilipata wa kuijibu papo hapo. Siri ya pili ni Kiswahili. Kipindi, kijitabu, mjadala na uamuzi, vyote vilikuwa katika lugha moja ambayo mkulima hakuhitaji kuitafsiri kwanza ndipo aitumie. Darasa halikuwa na kuta, lakini lilikuwa na lugha ya wenyeji na lilikuwa na wendani.

4. Darasa la Setilaiti

Hatua iliyofuata iliigusa Kahawa moja kwa moja. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha mradi wa chuo kikuu cha Afrika kisicho na majengo ya madarasa, ambacho masomo yake yangesafirishwa kwa setilaiti. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilikuwa miongoni mwa vituo vyake vya kwanza. Mihadhara ilitayarishwa na vyuo vya nje, hasa vya Amerika ya Kaskazini na Ulaya, ikarushwa kutoka Washington, nao wanafunzi wa Kahawa wakaipokea katika chumba chenye runinga. Picha ilikuja upande mmoja tu. Aliyekuwa na swali aliliuliza kwa simu, kwa faksi au kwa barua pepe.

Tusiubeze mradi huu. Vitabu vya sayansi na vya tarakilishi vilikuwa adimu, wahadhiri walikuwa wachache, na mtandao wa intaneti nchini ulikuwa wa polepole na wa gharama kubwa. Nyaya za baharini zilizoiunganisha Mombasa na ulimwengu hazikufika hadi mwaka 2009. Mwanafunzi wa Kahawa alipata mafunzo ambayo asingeyapata kwa njia nyingine. Lakini hebu tuyatazame mahusiano ya darasa lenyewe. Mhadhara unaotolewa Washington saa 4 asubuhi katika majira ya baridi ya huko humfikia mtu wa Kahawa saa 12 jioni. Mifano ya mhadhiri ni ya kwao, mizaha ni ya kwao, na kasi ya maneno ni ya kwao. Mwanafunzi mwenye swali alipaswa kulitunga kwa Kiingereza, akalingoja zamu yake, na kulipeleka ng'ambo ya bahari mbele ya wasikilizaji wa nchi kadhaa. Haishangazi kwamba katika hali kama hiyo wengi huona ni heri kunyamaza.

Baadaye mradi ulibadilika. Makao yake yalihamia Nairobi mwaka 2002, na mwaka 2003 ukawa shirika la serikali za Kiafrika zenyewe. Masomo yakaanza kuandikwa na wahadhiri wa Afrika, hasa katika programu ya kufundisha waalimu wa hisabati na sayansi iliyoshirikisha vyuo vikuu kadhaa barani. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa, kwani wajenzi sasa walikuwa wenyeji. Hata hivyo masomo hayo yalitolewa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Chuo cha Kiafrika chenye makao Nairobi, katika nchi ambayo katiba yake ya mwaka 2010 imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi, kiliendesha kazi yake bila ya lugha ya Kiafrika hata moja. Jengo lilihamia kwetu. Lugha ya humo ikabaki ugenini.

Jambo hili lilijirudia katika hatua zilizofuata. Mwaka 2016 Serikali ilianza kugawa vifaa vya kidijitali kwa wanafunzi wa darasa la kwanza, na sehemu ya vifaa hivyo iliunganishwa Juja, si mbali na Ruiru, chini ya ushirikiano uliokihusisha Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Mwezi Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, wanafunzi wa nchi nzima walijikuta wakitegemea redio, runinga na simu. Wengi wa wanafunzi wa chuo kikuu walifuata mihadhara kutoka vyumbani au kutoka vijijini kwao. Kila mara tuliuliza kwa bidii kama vyombo vimefika. Ni mara chache tuliuliza lugha gani imo ndani yake.

5. Dunia Zilizojengwa kwa Maneno

Sasa tugeukie dunia za kubuni zenyewe. Watu wengi wakizisikia hufikiria picha zenye rangi na mwendo. Lakini mojawapo ya dunia za kwanza za namna hii zilizowakutanisha watu wengi kwa pamoja haikuwa na picha hata moja. Iliandikwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na Roy Trubshaw, kisha ikaendelezwa na mwenziwe Richard Bartle. Mtumiaji alisoma maelezo ya mahali alipo: kwamba yuko njiani, kwamba mashariki kuna mlango, kwamba chini pameanguka kitu. Kisha aliandika amri ya kwenda, kufungua, kuchukua au kusema, na dunia ikabadilika kulingana na maneno yake. Waliokuwa humo kwa wakati ule waliyasoma aliyoyasema nao wakamjibu.

Dunia za aina hiyo ziliongezeka. Mwaka 1990 Pavel Curtis alianzisha LambdaMOO huko California, ambako watumiaji waliweza kuongeza vyumba na vitu vyao wenyewe. Waalimu wa lugha hawakukawia kuiona faida yake, na mwaka 1994 ikaanzishwa schMOOze University, chuo cha maneno matupu kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza wakitoka katika lugha nyingine. Dunia zenye picha zilikuja kwa wingi baadaye: Second Life ilifunguliwa mwaka 2003, na vyuo vikuu vingi vya Marekani na Ulaya vikajenga humo kumbi na maktaba. Umbo linalomwakilisha mtu humo huitwa avata, neno la Kisanskriti ambalo asili yake ni kushuka kwa mungu duniani katika umbo la kuonekana.

Kwa mwalimu wa lugha, ile dunia ya maneno ndiyo yenye mafunzo makubwa zaidi, kwa kuwa humo neno ni tendo. Tuchukue mfano wa Kiswahili. Tuseme chumbani mna kisu, jembe na mkuki. Katika Kiingereza mtumiaji akitaka kuchukua kimojawapo bila kukitaja jina hutumia kiwakilishi kimoja kwa vyote vitatu, na mashine haijui akusudiacho. Katika Kiswahili akiandika kichukue, amechukua kisu. Akiandika lichukue, amechukua jembe. Akiandika uchukue, mkuki umo mkononi mwake. Mwanafunzi anayekosea upatanisho wa ngeli hatapigwa alama ya mkasi kitabuni. Atajikuta ameshika mkuki alipotaka kulima. Kosa lina matokeo yake hapo hapo, na mwanafunzi mwenyewe atatafuta kulisahihisha.

Vivyo hivyo na ngeli za mahali. Vitabu vyetu vya sarufi hueleza tofauti ya pa, ku na mu kwa majedwali, na mwanafunzi huyakariri kisha huyasahau. Katika dunia ambayo kila hatua ni kuingia, kutoka na kukaribia, tofauti hiyo ndiyo ramani. Mna giza si sawa na kuna giza. Mmefungwa si sawa na pamefungwa. Asiyejua humu na humo hajui yuko wapi. Tena iko nafasi ya kufundishia sajili, ambazo mtaala wa shule za sekondari nchini Kenya umeziweka chini ya isimujamii. Soko, hospitali, mahakama na bunge, ambavyo darasani hutajwa kwa orodha ya sifa zake, vinaweza kuwa mahali ambapo mwanafunzi anaingia na kulazimika kusema kama wanavyosema watu wa humo.

Yapo pia maswali ambayo dunia hizi zitatulazimisha kuyajibu. Salamu za Kiswahili, hasa za pwani na za Tanzania, humtaka mtu ajue umri wa anayemsalimu kabla hajafungua kinywa. Avata haina umri. Nani atamwamkia nani shikamoo mahali ambapo mwanafunzi wa miaka 15 anaweza kuvaa umbo la mzee? Swali hili si la mzaha. Ni swali la isimujamii, na wa kulijibu ni wanaisimu wa Kiswahili wala si mafundi wa mitambo.

6. Dunia za Kubuni Tulizokuwa Nazo

Hapa yafaa tukumbushe kwamba wazo la kufundishia mahali pa kubuni si geni kwetu. Watoto wa Waswahili wamekuwa wakiingia katika miji ya kubuni tangu zamani. Mtegaji wa kitendawili, wenziwe wakishindwa kutegua, hudai apewe mji. Hupewa Mombasa au Lamu au mji mwingine wowote, naye huuingia kwa maneno, akaeleza alivyokwenda na alivyopokewa, ndipo atoe jibu. Katika ngano, msimulizi hawezi kuanza mpaka hadhira iitikie pakawa. Hiyo itikio si pambo. Ni mlango: dunia ya hadithi haifunguki mpaka wasikilizaji wakubali kuijenga pamoja na mwenye kuisimulia.

Fasihi andishi ya Kenya imeuendeleza mtindo huo, na shule zetu zimeutumia bila ya kuupa jina kubwa. Francis Imbuga, aliyekuwa mhadhiri huko Kenyatta, aliibuni nchi ya Kafira katika tamthilia yake ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1976. Katika Kiswahili, Kithaka wa Mberia aliijenga Butangi katika Kifo Kisimani, Timothy Arege akaujenga mji wa Cheneo katika Mstahiki Meya, na Pauline Kea akaijenga Sagamoyo katika Kigogo. Wanafunzi kwa maelfu wameziishi nchi hizo wakijitayarisha kwa mitihani, wamezijadili, na wengine wamezipanda jukwaani. Katama Mkangi naye, katika riwaya yake ya mwaka 1995, alimsafirisha mhusika wake mpaka katika dunia ya mbali iitwayo Walenisi, jina ambalo likikatwa vipande husema kwamba wale ni sisi.

Jina hilo lina fundisho kwa shughuli yetu. Dunia ya kubuni humfundisha mtu pale anapotambua kwamba waliomo humo ni yeye mwenyewe. Sagamoyo haipo katika ramani yoyote, lakini mwanafunzi wa Thika anajua bei za soko lake na lugha ya viongozi wake. Mhadhara wa setilaiti ulitoka katika mji ulio katika ramani, lakini kwa mwanafunzi huyo ulikuwa mbali zaidi ya Sagamoyo.

7. Mfano wa Kibera

Mfano wa karibu wa dunia ya kubuni ya kisasa iliyotumika nchini Kenya kuwafunza na kuwashirikisha watu wa kawaida haukutokea katika chuo kikuu, bali Kibera, Nairobi. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, lenye makao yake Nairobi, liliungana na kampuni ya Mojang ya Sweden, iliyotengeneza mchezo wa Minecraft, katika mpango wa kuwashirikisha wakazi kupanga maeneo yao ya umma. Mchezo huo ni dunia ya vipande vya mraba ambavyo mchezaji huvipanga juu ya vingine kama matofali. Kibera ilikuwa ya kwanza kujaribiwa, na kazi yake ilikuwa kuunda upya uwanja wa michezo wa Silanga.

Jambo la kuzingatia ni namna kazi hiyo ilivyofanyika. Vijana, wengi wao wasiokuwa na mazoea ya tarakilishi, walikaa pamoja mbele ya mashine, wakaijenga sehemu wanayoijua kwa miguu yao, wakabishana mahali pa kuweka njia, taa na viti, wakabomoa na kujenga tena. Ramani ya mhandisi huhitaji elimu ya kuisoma. Hii ilionekana kwa kila aliyeitazama. Mazungumzo ya watu wa Kibera ni Kiswahili cha mtaani mwao, na hayo ndiyo yaliyobeba kazi hiyo, ingawa mchezo wenyewe haukubuniwa kwa ajili yao.

Tukiulinganisha mfano huu na kampeni ya Mtu ni Afya, tunaona umbo lile lile baada ya miaka karibu 40: chombo kimetoka mbali, lakini kuna kikundi kilichokaa pamoja, kuna lugha ya wenyeji, na kuna kitu cha kujengwa mwisho wa mazungumzo. Tukiulinganisha na chumba cha runinga cha mwaka 1997, tunaona kinyume chake.

8. Pepe la Upepo na Pepe la Mpunga

Lugha yetu imelipa jambo hili neno lenye ncha mbili. Tulipoipata barua inayosafiri bila karatasi tuliiita barua pepe, na wengi hulihusisha neno hilo na upepo na kitenzi kupepea. Kutokana na hilo watu wamezidi kusema darasa pepe, maktaba pepe, chuo pepe. Lakini kwa mkulima wa mpunga, pepe ni neno la zamani lenye maana nyingine: ni punje iliyo na ganda na haina kiini, ambayo huruka ungo unapopepetwa.

Hatuna haja ya kulikataa neno kwa sababu hiyo. Afadhali tulitumie kama kipimo. Darasa linaloruka juu ya bahari na milima likamfikia mwanafunzi katika chumba chake cha Kahawa Wendani ni darasa la upepo, na faida yake ni kubwa. Likimfikia akakuta kwamba hawezi kujibu, hawezi kujenga, na hamna humo neno lake hata moja, basi limekuwa pepe la mpunga, hata likiwa na picha za kupendeza namna gani.

Yupo pia adui wa pili wa punje, ambaye ni umiliki. Mwezi Oktoba 2010 kampuni inayomiliki Second Life ilitangaza kuondoa punguzo la bei la nusu nzima lililokuwa likitolewa kwa taasisi za elimu, na vyuo kadhaa vikaviacha visiwa vilivyokuwa vimevijenga kwa miaka. Punguzo lilirudishwa mwaka 2013, lakini wengi walikwisha kuhama. Tukumbuke kambi ya Kahawa. Mwaka 1965 mwenye kambi aliondoka na kuta zikabaki kwa wenyeji. Katika dunia ya kukodi, mpangaji asiyelipa huondoka, na kuta huondoka pamoja naye.

9. Hitimisho

Tumefuatilia darasa lisilo na kuta kutoka posta na redio hadi setilaiti, na kutoka dunia ya maneno ya Essex hadi uwanja wa Silanga. Chombo kimebadilika kila mara, lakini masharti ya kufaulu yamebaki yale yale: mwanafunzi awe na wenziwe, awe na uwezo wa kujibu na kujenga, na afanye hayo katika lugha anayoimiliki.

Kutokana na hayo, idara zetu za Kiswahili na lugha za Kiafrika haziwezi kukaa zikingoja dunia hizi ziletwe zikiwa tayari, kisha zikaombwa kutafsiri majina ya vifungo. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Itakuwa aibu lugha hiyo ikiwa na kiti katika mikutano ya wakuu na haina nafasi katika madarasa wanamosomea watoto wao. Kazi ya kuanzia si ya gharama kubwa. Dunia ya maneno matupu haihitaji mashine yenye nguvu. Hata simu ya bei ya chini inaweza kuibeba. Inachohitaji ni sarufi iliyoelezwa kwa ukamilifu kiasi cha kueleweka na mashine, istilahi zilizokubaliwa, na waandishi wa kuijenga miji yake. Vitu vyote vitatu ni kazi ya wanaisimu na wanafasihi, na yote hayo yatabaki mali yetu hata mwenye mtambo akibadili bei.

Mtegaji akidai mji, hadhira hulazimika kumpa. Kwa muda mrefu, katika madarasa haya mapya, sisi ndio tumekuwa tukipewa miji ya wengine. Wakati umefika nasi tutoe wetu.